Je, Wajua? Kolwezi na Mutshatsha kwa Macho ya Mgeni

Siku hizi kijana wa Kasai au wa Lubumbashi akikuambia anakwenda kutafuta maisha, usishangae akitaja Kolwezi. Mji huu ndio makao makuu ya jimbo la Lualaba, kusini mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na umezungukwa na wilaya ya Mutshatsha. Chini ya ardhi yake kuna shaba na kobalti zinazogombaniwa na dunia nzima. Tumekukusanyia hapa mambo ambayo mgeni akifika huyaona au husimuliwa, pamoja na sababu zake.

Je, wajua kwamba mgeni aliyetajirika kwa shaba ya huku alitoka Tanzania ya leo?

Aliitwa Msiri. Asili yake ni Unyamwezi, na baba yake, Kalasa, alikuwa tayari akija Katanga, yaani eneo hili lote, kununua shaba. Katikati ya karne ya 19 mwana alifuata njia ya baba, lakini yeye hakurudi. Alijenga mji wake Bunkeya, ambao leo uko ndani ya jimbo la Lualaba, akatawala nchi kubwa kwa nguvu ya bunduki na biashara. Shaba, pembe za ndovu na watumwa wake walipelekwa pwani zote mbili: mashariki hadi Bahari ya Hindi, magharibi kupitia Angola. Tarehe 20 Desemba 1891 aliuawa kwa risasi na msafara wa Kapteni Stairs, uliotumwa kwa niaba ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Ukoo wake, Wayeke, bado uko Bunkeya hadi leo.

Naye Msiri hakuwa wa kwanza kuijua shaba hiyo. Karne nyingi kabla yake wenyeji waliiyeyusha katika tanuri za udongo na kuisubu kwa umbo la msalaba. Misalaba hiyo ilitumika kama fedha, na Katanga ilipojitangazia uhuru mwaka 1960, mitatu kati yake iliwekwa kwenye bendera.

Je, wajua kwamba Kolwezi ni mji ulioanzishwa kwa ajili ya kampuni?

Ulianza mwaka 1937 kama kituo cha migodi ya magharibi ya Union Minière du Haut-Katanga, kampuni ya Kibelgiji iliyoundwa mwaka 1906. Mwanzoni kampuni ilikuwa ikichukua vibarua wa mikataba mifupi. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1920 ikabadili mtindo: mfanyakazi aletwe na mkewe, apewe nyumba kambini, posho ya chakula, hospitali, na shule ya watoto. Kwa hesabu ya kampuni, mtu mwenye familia hatoroki.

Tarehe 1 Januari 1967 serikali ya Rais Mobutu ilitaifisha mali ya kampuni hiyo, na baadaye jina likawa Gécamines. Mtindo wa malezi haukubadilika. Watu walikuwa wakisema Gécamines ndiyo baba, ndiyo mama. Mwaka 1986 ilitoa tani 476,000 za shaba.

Kisha mambo yakaharibika. Fedha za kampuni zilikwisha kuchotwa na watawala badala ya kununulia mitambo. Mwaka 1990 sehemu ya mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto iliporomoka. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa haufiki hata sehemu ya kumi ya ule wa zamani. Mwaka 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10,000 walilipwa kiinua mgongo kwa msaada wa Benki ya Dunia na kuambiwa waende nyumbani. Ndiyo maana mzee wa Kolwezi akizungumzia kazi ya zamani, hakutajii mshahara kwanza. Atakutajia unga, hospitali na shule.

Je, wajua kwamba mwaka 2024 mgodi mmoja ulikaribia kiwango cha Gécamines nzima?

Mgodi huo ni Kamoa-Kakula, magharibi mwa mji, katika wilaya ya Mutshatsha. Ulianza kuzalisha Mei 2021, na mwaka 2024 ulitoa tani 437,000 za shaba. Wenye hisa kubwa ni Ivanhoe ya Kanada na Zijin ya China, na serikali ya Kongo ina asilimia 20.

Jirani zake nao ni wakubwa. Kamoto Copper Company na Mutanda ni za Glencore ya Uswisi. Tenke Fungurume na Kisanfu ni za CMOC ya China, ambayo mwaka 2024 ilitoa tani 114,000 za kobalti na kuwa ya kwanza duniani. Kwa jumla Kongo sasa ni ya pili duniani kwa shaba, baada ya Chile, na hutoa zaidi ya asilimia 70 ya kobalti yote inayochimbwa duniani. Betri za simu na za magari ya umeme ndizo zinazoila.

Je, wajua kwamba hakuna mwenye idadi kamili ya wakazi wa Kolwezi?

Sensa ya mwisho ya Kongo ilifanyika mwaka 1984. Tangu hapo ni makadirio tu, na kila ofisi ina yake. Mji unapangiwa maji, shule na barabara bila idadi ya watu wake kujulikana, huku kila basi la kutoka Lubumbashi likishusha wengine.

Je, wajua kwamba si kila avaaye ovaroli ya mgodi ni mfanyakazi wa mgodi?

Mgeni akifika huona mabasi ya wafanyakazi alfajiri, kofia ngumu, viatu vya chuma, viakisi vinavyong'aa, akadhani wote hao wameajiriwa na kampuni kubwa. Muulize mmoja maswali mawili tu: kazi unaifanya wapi, na mshahara unakulipa nani? Mara nyingi majibu ni tofauti. Kazi iko mgodini, lakini mkataba uko kwa kampuni ndogo inayouuzia mgodi huduma: ulinzi, udereva, upishi, usafi, uchomeleaji. Utafiti wa shirika la RAID la Uingereza, uliotolewa mwaka 2021, ulikuta kwamba katika migodi mitano mikubwa ya eneo hili asilimia 57 ya wafanyakazi waliajiriwa kwa njia hiyo. Mtu wa namna hii hufanya kazi bega kwa bega na mwajiriwa wa kudumu, lakini mshahara wake ni mdogo, matibabu yake ni ya kubahatisha, na mkataba ukiisha hana pa kulalamika.

Sheria ya Februari 2017 inataka kazi hizo ndogondogo ziende kwa kampuni ambazo sehemu kubwa ya mtaji wake ni ya Wakongo. Sheria hiyo imewainua wafanyabiashara wazawa. Kibarua wao hajaona tofauti kubwa.

Je, wajua kwamba mtaa mzima uligeuka mgodi?

Mwaka 2014, katika mtaa wa Kasulo, mkazi mmoja alichimba kwake akakuta heterojeniti, jiwe jeusi lenye kobalti. Siri haikukaa. Majirani nao walianza kuchimba: uani, jikoni, hata sebuleni. Wengine waliwakodishia wachimbaji vyumba, si kwa kulala bali kwa kushuka chini. Nyumba zilipata nyufa, na mashimo yakakutana chini kwa chini. Mwaka 2017 serikali ya jimbo ilihamisha mamia ya familia, ikazungushia ukuta sehemu ya mtaa, na haki ya kununua mawe ya ndani ikapewa kampuni moja tu, Congo Dongfang Mining.

Jambo hili si la Kasulo peke yake. Mji wenyewe umelala juu ya madini, na migodi inapopanuka nyumba ndizo zinazopisha. Amnesty International ililiandikia ripoti mwaka 2023, ikieleza jinsi watu walivyoondolewa katika mtaa wa Cité Gécamines ulio karibu na mgodi wa COMMUS.

Je, wajua kwamba bei ya jiwe huamuliwa na mashine inayoshikwa kama bastola?

Mtu akitaka kuona uchumi wa Kolwezi ukienda mbele ya macho yake, aende Musompo, sokoni kwa madini, nje kidogo ya mji. Mchimbaji anashusha gunia kutoka kwenye pikipiki. Mnunuzi analifungua, anachota kidogo, kisha anaelekeza mashine kwenye jiwe na kubana kitufe. Baada ya sekunde chache kioo kinaonyesha asilimia ya kobalti na ya shaba. Mashine hiyo wenyeji huiita Metorex. Gunia linawekwa kwenye mizani, asilimia inalinganishwa na orodha ya bei iliyobandikwa ukutani, na fedha zinahesabiwa.

Pale ndipo penye ugomvi wa kila siku. Mchimbaji hana mashine yake, kwa hiyo hana la kubishia. Akisema mawe yake ni mazuri kuliko namba inayoonekana, ataambiwa apeleke depo nyingine, yaani kwa mnunuzi mwingine, ambako pengine namba itakuwa ileile. Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, na kisu hapa ni mashine na mizani. Bei ya ukutani nayo haikutungwa Musompo. Inafuata soko la London na mahitaji ya viwanda vya China. Mwaka 2018 tani moja ya kobalti ilifika karibu dola 95,000. Mwanzoni mwa 2025 ilikuwa imeshuka hadi robo ya hapo hivi. Jasho la kuitoa chini halikupungua.

Serikali iliunda Entreprise Générale du Cobalt mwishoni mwa 2019 ili iwe mnunuzi pekee wa kobalti ya wachimbaji wadogo na kuweka bei ya haki. Miaka mingi ikapita kampuni hiyo ikijivuta, na depo zikiendelea kununua.

Je, wajua kwamba sheria hairuhusu shimo kupita mita 30?

Mchimbaji mdogo anatakiwa awe na kadi, awe katika ushirika, achimbe katika eneo lililotengwa, na asishuke zaidi ya mita 30. Tatizo ni kwamba maeneo mazuri yameshachukuliwa na kampuni, na jiwe halisomi sheria. Kwa hiyo watu hushuka zaidi, au huingia usiku katika eneo la kampuni. Juni 2019 ardhi iliporomoka katika eneo la Kamoto Copper Company na kuua wachimbaji zaidi ya 40 walioingia bila ruhusa. Msimu wa mvua ndio mbaya zaidi, kwa sababu udongo ukilowa kuta hazishiki.

Wanawake hawashuki. Imani ya machimboni inasema mwanamke akikaribia shimo, madini hukimbia. Lakini kuosha mawe, kuyaponda na kuyachambua kumejaa wanawake, na malipo yake ni madogo kuliko ya kuchimba. Watoto nao wapo: mwaka 2014 UNICEF ilikadiria kwamba takriban 40,000 walikuwa wakifanya kazi katika machimbo ya kusini mwa Kongo.

Je, wajua kwamba dola iliyochanika kidogo haina thamani hapa?

Kolwezi kuna fedha mbili mfukoni: faranga za Kongo kwa mkate, mboga na pikipiki, na dola ya Marekani kwa kodi ya nyumba na vitu vikubwa. Wabadilishaji hukaa barabarani na meza zao, maburungutu ya faranga yamepangwa mbele.

Mpe mmoja wao noti ya dola uone. Ataishika kwa ncha za vidole, aielekeze kwenye mwanga, apitishe kidole gumba pembezoni. Akikuta imechanika japo kidogo kama ukucha, au ni toleo la zamani, anakurudishia bila maneno mengi. Lakini faranga zenyewe huzunguka zimelegea, nyeusi kwa uchafu, nyingine zimegandishwa kwa utepe, na hakuna anayezikataa. Kwa hiyo mgeni mwenye busara hukagua dola zake benki, kabla ya kupanda basi.

Je, wajua kwamba umeme wa Kolwezi ulisafirishwa kilomita 1,700?

Mwaka 1982 ulikamilika mstari wa umeme kutoka bwawa la Inga, karibu na bahari ya Atlantiki, hadi Kolwezi. Wakati huo ndio uliokuwa mrefu kuliko yote duniani. Umejengwa kwa mkondo mnyoofu, na umeme wa namna hiyo hauchotwi njiani bila kituo kikubwa cha kuugeuza. Kwa hiyo nyaya hupita juu ya vijiji vingi ambavyo havina hata taa moja.

La kushangaza ni kwamba mto Lualaba wenyewe ulikwisha kuzalisha umeme hapa jirani. Mabwawa ya Nzilo na Nseke yalijengwa na Union Minière miaka ya 1950. Wengi wanaamini Mobutu alitaka Katanga iliyowahi kujitenga itegemee swichi iliyoko upande wa Kinshasa. Leo yote hayo hayatoshi. Migodi huagiza umeme Zambia na kuwasha jenereta za dizeli, na mitaani watu hupikia makaa.

Je, wajua kwamba Mutshatsha ilikuwa mstari wa mbele wa vita?

Machi 1977 wapiganaji wa FNLC, wengi wao wanajeshi wa zamani wa Katanga waliokuwa uhamishoni Angola, walivuka mpaka na kuifuata reli. Mwishoni mwa mwezi huo Mutshatsha ilianguka mikononi mwao. Mobutu aliokolewa na askari wa Morocco walioletwa na ndege za Ufaransa, na mwisho wa Aprili mji ulirudishwa. Mwaka uliofuata wapiganaji walirudi na kuingia Kolwezi kwenyewe, mpaka askari wa miavuli wa Ufaransa waliposhuka tarehe 19 Mei 1978. Kwa sababu ya vita hivyo bei ya kobalti duniani iliruka mara kadhaa, na viwanda vya ng'ambo vikaanza kutafuta njia ya kupunguza matumizi yake.

Je, wajua kwamba treni ya Mutshatsha huelekea Atlantiki?

Reli ya Tenke hadi Dilolo, inayopita Kolwezi na Mutshatsha, iliunganishwa na ya Angola mwaka 1931. Ndiyo njia fupi ya kupeleka shaba baharini: hadi bandari ya Lobito ni kilomita 1,740 hivi, ilhali Durban iko takriban 3,000. Vita ya Angola iliyoanza mwaka 1975 iliifunga kwa miongo kadhaa. Mwisho wa Desemba 2023, shehena ya majaribio ya Kamoa-Kakula ilifika Lobito baada ya siku nane. Januari 2024 kampuni ya Lobito Atlantic Railway ilianza kuiendesha reli upande wa Angola, na Marekani na Ulaya zikaiunga mkono ili zisiachwe nyuma na China. Hata hivyo shaba nyingi bado inapita barabarani, na ndiyo maana dereva wa Dar es Salaam aliyekwama foleni ya mpaka wa Kasumbalesa, kati ya Kongo na Zambia, ni sura ya kawaida.

Je, wajua kwamba bei ya bukari huamuliwa Zambia?

Huku ugali huitwa bukari, na bila bukari na sombe, yaani kisamvu, mtu hajala. Lakini mahindi mengi hutoka ng'ambo ya mpaka. Zambia ikizuia unga kutoka, kama ilivyotokea mwaka 2023, gunia linapanda bei Kolwezi mara moja. Ardhi ya Mutshatsha inalimika, ila vijana wengi wenye nguvu wamefuata mawe.

Je, wajua kwamba si mara zote mgeni amekaribishwa?

Tangu enzi za Wabelgiji, watu wa Kasai waliajiriwa kwa wingi katika reli na migodi ya Katanga. Mwaka 1992 na 1993 wanasiasa waliwachochea wenyeji dhidi yao, na mamia ya maelfu wakafukuzwa makwao. Walikaa wiki hata miezi katika vituo vya reli vya Likasi na Kolwezi wakingoja treni, na wengi walifia hapo. Leo vijana wa Kasai wanakuja tena, almasi za Mbuji-Mayi zikiwa hazilipi kama zamani, na maneno ya chinichini yanasikika tena. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji akiona yeye mwenyewe hana kazi, methali hiyo humshinda.

Je, wajua kwamba sheria inaipa mitaa sehemu yake?

Tangu marekebisho ya 2018, mrabaha wa madini hugawanywa hivi: asilimia 50 serikali kuu, 25 jimbo, 15 mamlaka ya mahali mgodi ulipo, na 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Zaidi ya hapo, kila kampuni inatakiwa kutenga asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakazi wa jirani. Mgodi ukiuza kwa mabilioni, hiyo si fedha ndogo. Mwananchi wa Mutshatsha ana haki ya kuuliza imejenga nini.

Kuna dalili pia kwamba Kongo imeanza kuitumia nguvu yake. Tarehe 22 Februari 2025 ilisimamisha kuuza kobalti nje ili kunyanyua bei, na Oktoba ikaweka mgao: tani 96,600 kwa mwaka kwa 2026 na 2027. Bei ilipanda. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, wanunuzi wa ng'ambo ndio waliongoja.

Neno kwa anayefunga safari

Kolwezi kuna kazi, na kuna fedha. Lakini jiwe liko huku, na maamuzi mengi yako kwingine: London kwa bei, Kinshasa kwa vibali, China kwa wanunuzi. Anayefika na nguvu za mikono peke yake hupangiwa kila kitu, kuanzia asilimia ya Metorex hadi tarehe ya mwisho wa mkataba. Anayefika na ufundi, awe mchomeleaji, fundi umeme, fundi wa mitambo mizito au dereva mwenye leseni, ana nafasi ya kuchagua. Basi jifunze kazi kabla hujaondoka, soma mkataba kabla hujausaini, na uliza jina la anayekulipa kabla hujavaa ovaroli yake.